Dawa Mbili za Presha katika Kidonge Kimoja: Zitumieni kwa Uangalifu

Mwezi wa Septemba mwaka jana tulikuwa tukiandikisha wakulima waliotaka mbegu za ndengu kabla ya mvua. Watu walikuwa wengi, na jua la Wote mnalijua. Mzee mmoja aliyeketi kwenye benchi la nje alisikia jina lake likiitwa, akasimama upesi, akapiga hatua mbili, akaanguka mbele ya mlango wetu. Tulimpeleka hospitali kwa gari la ofisi. Wengi tulidhani ni njaa, maana alikuwa ametoka nyumbani alfajiri bila kunywa hata chai.

Haikuwa njaa peke yake. Alipopimwa, presha yake ilikuwa 84 juu ya 50, yaani imeshuka mno. Katika koti lake mlikuwa na leso iliyofungia vidonge vya namna mbili. Vya kwanza vilikuwa vya amlodipini, ambavyo alikuwa amevitumia miaka mingi. Vya pili alipewa majuma mawili kabla ya hapo, na ndani yake mna amlodipini ile ile, ikichanganywa na dawa ya kutoa maji na chumvi kwa njia ya mkojo. Kila asubuhi alimeza vyote viwili.

"Mwalimu," aliniambia nilipokwenda kumwona jioni (ofisini wananiita hivyo kwa sababu nilisomea ualimu kabla ya kuwa karani), "zile za zamani nilizinunua kwa pesa zangu. Ningezitupaje?"

Sikuweza kumlaumu. Sisi ni watu tunaoshona hata gunia lililotoboka. Huenda aliambiwa aache zile za zamani naye hakusikia kwa makelele ya foleni, na huenda hakuambiwa kabisa. Kwa kuwa wakulima wengi siku hizi wanapewa dawa hizi za mchanganyiko, yafaa tuelezane zinavyofanya kazi.

Fikiri shamba la mteremko. Mtu akijenga tuta moja kubwa huko chini ili lizuie maji yote ya mvua za Novemba, ataliongeza udongo kila mwaka, na bado siku moja litapasuka. Mwenye akili huchimba fanya juu kadhaa, na kila moja hubeba sehemu yake ya maji. Dawa za presha ni vivyo hivyo. Amlodipini hulegeza mishipa ya damu. Dawa ya mkojo hupunguza maji na chumvi mwilini. Dawa kama losartani au enalaprili huzuia kazi ya kemikali ya mwili inayokaza mishipa. Zikitumiwa mbili kwa kipimo kidogo, kila moja hubeba sehemu yake. Watafiti wa London walikusanya majaribio 42 mwaka 2009 wakaona kwamba kuongeza dawa ya aina ya pili hushusha presha karibu mara 5 zaidi ya kuongeza maradufu kipimo cha dawa moja.

Tena jambo hili limepimwa kwetu Afrika. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2019 yalihusu wagonjwa weusi 728 kutoka nchi 6, Kenya na Uganda zikiwamo. Kila mmoja alipewa dawa mbili. Baada ya miezi 6, wale ambao moja ya dawa zao ilikuwa amlodipini walishuka presha zaidi kuliko wale waliopewa mchanganyiko usio na amlodipini. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani liliingiza vidonge vya mchanganyiko katika orodha yake ya dawa muhimu, na mwaka 2021 likashauri kwamba matibabu yaanze kwa mchanganyiko, ikiwezekana katika kidonge kimoja. Kidonge kimoja ni rahisi kukumbuka kuliko vitatu, hasa kwa mtu anayeamka kukamua.

Lakini dawa yenye nguvu hutaka mtu mwangalifu, kama ile ya josho. Jina kubwa kwenye pakiti ni la kiwanda tu. Soma maandishi madogo chini yake, ndiyo majina ya dawa zenyewe. Kama macho hayaoni, mpe mtoto wa shule akusomee. Ukiona jina moja kwenye pakiti mbili, usimeze zote kabla ya kuuliza. Losartani na enalaprili nazo hazitumiwi pamoja. Siku ya kliniki beba pakiti zote ulizo nazo, hata za dukani na miti shamba.

Jambo linalonitia hofu zaidi ni dawa za maumivu. Baada ya kulima siku nzima mgongo huuma, na dukani diklofenaki au ibuprofeni hupatikana bila maswali. Dawa hizo hupandisha presha, na zikikutana mwilini na dawa ya mkojo pamoja na losartani au enalaprili, zinaweza kuharibu figo. Mwambie mwenye duka la dawa kwamba una presha. Mara nyingi parasetamoli itatosha.

Ukiharisha au kutapika sana, nenda kituo cha afya upesi uulize kama usimamishe dawa kwa siku chache, kwa sababu mwili uliokauka maji haustahimili dawa ya mkojo. Dawa hiyo inywe asubuhi, usije ukaamka usiku kucha. Ukiinuka kitandani, keti kwanza kidogo. Miguu ikivimba kwa amlodipini, au ukipata kikohozi kikavu kwa enalaprili, mwambie daktari akubadilishie. Midomo au ulimi ukivimba, hiyo si ya kungoja kesho: acha dawa, kimbia hospitali. Mwanamke mwenye mimba, au anayetazamia kupata, asitumie losartani wala enalaprili, maana hudhuru mtoto tumboni.

Ukisahau dozi ya jana, leo meza moja tu. Na presha ikirudi chini ya 140 juu ya 90 usiseme umepona ukaacha. Dawa ndiyo iliyoishusha, na ukiiacha itapanda kimya kimya, pengine mpaka kiharusi.

Kuhusu pesa: kidonge cha mchanganyiko kikiwa ghali au kikikosekana, uliza kama unaweza kupewa dawa zile zile mbili katika vidonge mbalimbali. Kazi ni ile ile. Ila msigawane pakiti moja mke na mume ili ifike mwisho wa mwezi. Nimeona nyumba inayofanya hivyo, na wote wawili presha yao ilibaki juu.

Mzee wetu alilala hospitali siku mbili. Vidonge vya zamani alivirudisha kwa mfamasia, ingawa kwa shingo upande. Sasa ana daftari ambalo mjukuu wake humwandikia vipimo kila akitoka kliniki. Alipopita ofisini kuulizia bei ya ndengu alinionyesha ukurasa wa mwisho: 136 juu ya 84. Kisha akaketi kwenye benchi lile lile, na nilipomwita jina aliinuka polepole.