Usiuze mboni ya jicho kwa Sh7,000

Mtu akikuomba apige picha ya mboni za macho yako ili akupe Sh7,000, utakubali? Usiwe mwepesi wa kujibu la. Mwanzoni mwa Agosti 2023, maelfu ya watu, wengi wao vijana, walipanga foleni ndefu katika jumba la KICC, Nairobi, kwa sababu hiyo hiyo.

Wenye mradi huo, Worldcoin, walieleza kuwa akili unde, yaani kompyuta zinazofunzwa kuandika, kusema na kuchora kama binadamu, imeenea mno. Kwa hivyo, walisema, kila mtu atahitaji njia ya kuthibitisha kwamba yeye ni mtu, wala si mashine. Malipo yalikuwa sarafu ya kidijitali.

Serikali ilisimamisha shughuli hiyo Agosti 2, lakini kufikia hapo macho mengi yalikuwa yamekwisha kupigwa picha. Ilichukua hadi Mei 2025 kwa Mahakama Kuu kuamuru picha hizo zifutwe, kwa kuwa sheria haikufuatwa. Nywila ikiibwa utaweka nyingine. Jicho je, utalibadilisha?

Hapa ndipo viongozi wetu wanapojikuta katika njia panda. Wahenga walinena, haraka haraka haina baraka. Wao hao wakasema, ngoja ngoja huumiza matumbo. Serikali ikibana sana, vijana wenye ubunifu watakosa riziki. Ikilegeza sana, raia ataumia.

Hata hivyo, njia ya katikati tumewahi kuipita. M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, hapakuwa na sheria maalum ya kusimamia pesa za simu. Benki Kuu iliiruhusu ianze huku ikiichunguza kwa makini, na sheria ya mifumo ya malipo ikaja mwaka 2011. Leo hata mama mboga analipwa kwa simu. Tofauti ni kwamba wakati huo msimamizi alikuwa macho tangu siku ya kwanza.

Machi 2025 serikali ilizindua mkakati wa akili unde wa 2025 hadi 2030. Ni hatua njema, lakini mkakati si sheria. Hakuna anayetozwa faini kwa kuvunja mkakati.

Ngao uliyo nayo ni Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Inakupa haki ya kuelezwa habari zako zinatakiwa za nini, haki ya kukataa, na haki ya kudai zifutwe zikichukuliwa kinyume cha sheria. Habari za mtoto hazichukuliwi bila idhini ya mzazi au mlezi. Ukikosewa, peleka malalamiko kwa Kamishna wa Data.

Basi keti na wanao jioni ya leo. Waambie kabla ya kukubali chochote waulize: unachukua nini, utakiweka wapi, na nikibadili nia utakifuta vipi? Asiyeweza kujibu, mnyime jicho lako.