Mbung'o, Pori na Wanyama: Utafiti wa C.F.M. Swynnerton

Kigwa iko mashariki ya mji wa Tabora, katika njia ya kale ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Katika karne ya 19 pembe za ndovu, nguo na shanga zilipita hapa mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Kwa nini mizigo ile haikuvutwa na ng'ombe au farasi? Sababu moja kubwa ni mdudu mdogo, mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo. Mdudu huyu hueneza nagana, iuayo mifugo, na malale, iuayo watu. Makala haya yaeleza kazi ya mtaalamu aliyemchunguza mbung'o pamoja na pori na wanyama anaowategemea.

Charles Francis Massy Swynnerton alizaliwa Uingereza mwaka 1877. Alianza utafiti wake akiwa mkulima mpakani mwa Zimbabwe na Msumbiji za leo, akichunguza ndege, vipepeo na mimea. Mwaka 1918 alikwenda Mossurise, Msumbiji, kuchunguza mbung'o. Huko wazee walimweleza jinsi Mfalme Mzila wa Wangoni wa Gaza alivyowakusanya watu wake katika makazi ya karibu karibu. Mashamba yalifyeka pori, wanyama wakasogea mbali, na ng'ombe wakastawi. Swynnerton aliyachukua maelezo hayo kuwa ushahidi wa kisayansi, akayachapisha mwaka 1921.

Mwaka 1919 alikuwa ameteuliwa kuwa mkuu wa kwanza wa idara ya wanyamapori ya Tanganyika, na mwaka 1929 akawa mkurugenzi wa utafiti wa mbung'o, makao yake yakiwa Shinyanga. Hapo alikabiliwa na swali zito. Mbung'o hula damu tu, na wanyamapori huweza kubeba vijidudu vya nagana bila kuugua. Je, ili ng'ombe wapone, ni lazima wanyamapori wauawe?

Swynnerton alitilia mkazo zaidi uoto. Mbung'o jike hazai mayai mengi kama nzi wa nyumbani. Huzaa buu mmoja kwa wakati mmoja, kila baada ya siku tisa au kumi hivi. Buu huyo hujichimbia katika udongo laini wenye kivuli. Basi kivuli kikiondolewa mahali panapofaa, kizazi hupungua. Pamoja na watemi wa Usukuma na maelfu ya wananchi, alijaribu kufyeka vichaka na kuchoma nyasi mwishoni mwa kiangazi. Alionyesha pia kuwa kila aina ya mbung'o ina makazi yake: wa miombo, kama ile ya Kigwa, si yule wa vichaka vya miiba vya Shinyanga, ambaye jina lake la kisayansi, *Glossina swynnertoni*, latokana na mtaalamu huyu.

Kitabu chake kikubwa juu ya mbung'o wa Afrika Mashariki kilitoka mwaka 1936. Mwaka 1938 alifariki katika ajali ya ndege, pamoja na mtaalamu wa mimea B.D. Burtt.

Baada yake, katika miaka ya 1940, maelfu ya wanyama waliuawa Shinyanga kwa ajili ya jaribio. Baadaye uchunguzi wa damu iliyokutwa matumboni mwa mbung'o ulionyesha kuwa wadudu hao huchagua. Hupenda ngiri, nyati na pongo, lakini ni nadra kumwuma nyumbu, punda milia au swala pala. Kwa hiyo wengi waliopigwa risasi hawakuwa na hatia.

Njia nyingine zimepatikana. Kati ya mwaka 1994 na 1997, mbung'o dume waliofugwa Tanga na kufanywa tasa kwa mionzi waliachiwa Unguja kwa mamilioni. Jike aliyepandwa na dume tasa hazai, na kisiwa kikasafika bila kuua mnyama hata mmoja.

Lakini mbung'o alikuwa pia mlinzi asiyetakiwa wa miombo, kwani alizuia ng'ombe wasiingie. Anapopungua, mifugo na mashamba husogea katika misitu inayowapa watu wa Tabora asali na mbao za mninga. Mwalimu na wanafunzi wake na wajiulize: mlinzi huyu akiondoka, nani atashika zamu yake?