Hondohondo na Tundu Asilolichonga

Ukisimama Kimamba ukatazama upande wa mashamba ya mkonge, huenda ukamwona hondohondo akikatiza angani: anapiga mbawa mara kadhaa, anateleza, anapiga tena, mdomo wake mkubwa uliopinda umetangulia. Anapita tu. Kwenye mkonge hana pa kuzalia. Hondohondo hutaga ndani ya pango la mti, na pango hilo hawezi kulichonga mwenyewe.

Ndiyo maana anayemtafuta hufuata njia ya kusini, kupitia Ulaya hadi Mikumi, kwenye miombo. Huko pango hutengenezwa na wengi, tena taratibu. Tawi huvunjika, maji ya mvua huingia, kuvu hulainisha kiini, mchwa hula, moto wa kiangazi huunguza kidonda. Wakati mwingine gogota ndiye huanza, na tundu lake dogo hupanuka kadiri miaka inavyopita. Mti mchanga hauna nafasi ya kufanyiwa yote hayo.

Mvua zinapokaribia na wadudu kuongezeka, jike huingia ndani na kujifungia. Huziba mlango kwa tope, kinyesi na mabaki ya chakula, akigongagonga kwa ubavu wa mdomo kama fundi anayekandika ukuta, mpaka ubaki ufa mwembamba unaopitisha ncha ya mdomo tu. Nyoka na nyani hawapati pa kupenya. Dume hung'ang'ania gome kwa kucha, humpenyezea panzi, kiwavi au tunda, kisha huruka kwenda kutafuta kingine. Humo ndani jike hupukutisha karibu manyoya yote ya mbawa na mkia, kwa hiyo kwa majuma kadhaa hawezi kuruka. Anayempiga dume manati wakati huo amewakatia chakula wote waliomo.

Mayai hutagwa kwa kupishana siku, na jike huanza kuatamia mapema, hivyo vifaranga hawalingani umri. Chakula kikipungua, mdogo ndiye hufa kwanza. Ni jambo gumu kulitazama, lakini hivyo ndivyo mwaka wa ukame unavyoacha walau mmoja hai. Kwa hondohondo wa aina ndogo, vifaranga wakishakua kiasi, jike hubomoa mlango na kutoka kumsaidia dume kulisha. Nao vifaranga, ambao hawajawahi kuona nje, huuziba upya wenyewe! Kwangu mimi, katika maisha yote ya ndege huyu hakuna la kustaajabisha kuliko hilo.

Mumbi, ndugu yao mkubwa mweusi anayetembea chini katika uwanda wa Mkata huko Mikumi, hajifungii. Lakini naye huhitaji pango, tena kubwa zaidi.

Hifadhi ya Mikumi imelindwa tangu 1964. Nje ya mipaka yake, miti mingi iko mikononi mwa vijiji. Kuanzia 2012, baadhi ya vijiji vya Kilosa, vikisaidiwa na mashirika ya uhifadhi wa misitu TFCG na MJUMITA, viliingia katika utaratibu wa mkaa endelevu: vitalu vya mita 50 kwa 50 huvunwa kimoja na kurukwa kinachofuata, visiki huachwa vichipue, na kitalu hupumzishwa miaka 24. Kwa kuni na mkaa hesabu hiyo ni nzuri, na naiunga mkono, kwa sababu miombo huchipua vizuri kutoka kwenye kisiki. Ila kinachochipua ni shina jembamba, zima, lisilo na tundu. Miaka 24 hurudisha mti. Pango huhitaji muda mrefu zaidi ya huo.

Kwa hiyo, ndugu mchoma mkaa na ndugu wa kamati ya maliasili, kabla ya shoka kushuka, zunguka shina, utazame juu. Ukiona pango, au ufa uliokandikwa tope na alama za kinyesi chini yake, uache mti huo usimame, hata kama umo ndani ya kitalu chako.