Upimaji wa Usikivu wa Wazee na Njia za Kuupata kwa Gharama Nafuu

Upungufu wa usikivu unaoletwa na umri ni miongoni mwa matatizo ya afya yaliyoenea sana na yanayotafutiwa tiba kwa nadra, kwa kuwa hauumi wala haufanyi kidonda, na humwingia mtu polepole kwa miaka mingi hata yeye mwenyewe asitambue alichopoteza. Ripoti ya Dunia kuhusu Usikivu, iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021, inakadiria kuwa watu zaidi ya bilioni 1.5 wana upungufu huo kwa kiwango kimoja au kingine, na kwamba miongoni mwa waliovuka umri wa miaka 60 walioathirika ni zaidi ya asilimia 65. Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki hali hiyo hupokewa kwa kauli kwamba uzee ndio huo, na mzee huachwa akae pembeni ya mazungumzo ya jamaa zake, ilhali sehemu kubwa ya uchunguzi wa mwanzo inaweza kufanyika karibu na nyumbani kwa fedha kidogo, au bila fedha yoyote, mradi familia ijue pa kuanzia na ielewe kila kipimo kinaweza kueleza nini na hakiwezi kueleza nini.

Chanzo cha upungufu huu kimo katika koklea, yaani kiungo cha sikio la ndani kilichojiviringa mfano wa kombe la konokono, ambamo mna seli zipatazo 16,000 zenye vinyweleo, ambazo kazi yake ni kugeuza mtikisiko wa sauti kuwa ishara za neva. Seli hizo zikifa hazioti tena, na zinazotangulia kufa ni zile zilizo karibu na mlango wa koklea, ambazo hupokea sauti nyembamba. Matokeo yake ni kwamba mzee huendelea kuzisikia irabu, ambazo zina sauti nzito na yenye nguvu, huku konsonanti kama s, f, t na sh zikimpotea. Na kwa kuwa silabi nyingi za Kiswahili huishia kwa irabu, taa, saa na kaa huweza kumfikia zikiwa kitu kimoja. Ndiyo maana wazee wengi hawalalamiki kwamba hawasikii, bali hulalamika kwamba vijana wa siku hizi wanamung'unya maneno, na kwa namna yao wanaeleza kwa usahihi kabisa kinachowapata. Kuwapigia kelele hakusaidii sana, kwa sababu kelele huzikuza zaidi irabu ambazo tayari zinasikika.

Kabla ya kufikiria mashine yoyote, sikio linapaswa kutazamwa. Kazi hiyo hufanywa kwa otoskopu, ambayo ni kurunzi ndogo yenye kioo cha kukuzia, na mhudumu mwenye ujuzi wa kawaida katika zahanati au kituo cha afya anaweza kuona kama njia ya sikio imezibwa na nta, kama kuna usaha, au kama kiwambo cha sikio kimetoboka. Nta iliyoshindiliwa ni sababu ya kawaida mno kwa wazee, na ikiondolewa usikivu unaweza kurejea siku hiyohiyo, jambo linaloufanya ukaguzi huu kuwa hatua yenye faida kubwa kuliko zote kwa bei yake. Aghalabu familia zenyewe ndizo zilizoishindilia nta hiyo, kwa njiti ya pamba, kwa ufunguo au kwa unyoya wa kuku, vifaa ambavyo huisukuma ndani zaidi na pengine kukitoboa kiwambo. Katika ziara hiyohiyo mhudumu aonyeshwe dawa zote anazotumia mzee na aelezwe alizowahi kutumia, kwani baadhi yake, kama vile kwinini, jentamaisini na sindano za streptomaisini walizochomwa wagonjwa wengi wa kifua kikuu katika miongo iliyopita, zinajulikana kudhuru usikivu.

Kipimo cha pili hakihitaji kifaa chochote, nacho ni kipimo cha mnong'ono. Mzee huketi chumbani kusiko na redio wala televisheni, mpimaji husimama nyuma yake kwa umbali wa urefu wa mkono ili midomo yake isionekane, na sikio lisilopimwa huzibwa kwa kidole kinachosuguasugua taratibu kinundu kilicho mbele ya tundu lake. Mpimaji hutoa pumzi yote kwanza, kisha hunong'ona mfuatano wa nambari na herufi tatu, kwa mfano nne, b, sita, na mzee huombwa aurudie. Akikosea hupewa mfuatano mwingine wa tatu, na akishindwa kurudia kwa usahihi angalau tatu kati ya zote sita, sikio hilo huhesabiwa kuwa linahitaji uchunguzi zaidi. Kutoa pumzi kwanza kunasisitizwa kwa sababu anayenong'ona akiwa na kifua kilichojaa hewa hupaza sauti bila kujijua, na aghalabu mtoto anayempima mzazi wake hutamani afaulu, kwa hiyo humpazia.

Wenye simu janja wanaweza pia kutumia programu ya hearWHO, ambayo Shirika la Afya Duniani liliitoa mwaka 2019 na hutumika bila malipo. Msikilizaji husikia nambari zikitamkwa ndani ya kelele na huzibonyeza kwenye kioo cha simu, kisha hupewa alama. Kipimo hiki ni kizuri kwa sababu huiga shida halisi ya mzee, ambaye husikia vizuri akiwa peke yake na mtu mmoja lakini hupotea sebuleni watu wakiwa wengi. Hata hivyo, mzee asiyezifahamu vyema tarakimu za lugha inayotamkwa, au asiyezoea kubonyeza kioo cha simu, anaweza kupata alama mbaya kwa sababu zisizohusiana na masikio yake, na alama hiyo haifai kuchukuliwa kuwa uthibitisho wa ugonjwa. Shirika hilohilo linapendekeza kwamba watu wazima wachunguzwe usikivu kuanzia umri wa miaka 50, kila baada ya miaka 5 hadi wafikapo 64, na baada ya hapo kila mwaka mmoja hadi mitatu.

Kipimo kamili ni audiometria, yaani upimaji wa kiwango cha chini kabisa cha sauti ambacho sikio linaweza kukipata katika kila daraja la wembamba na uzito wa sauti. Mzee huvua kofia, kilemba au hereni, huvalishwa vipokea sauti ndani ya chumba kisichopenyeza kelele, chekundu kikiwa cha sikio la kulia na cha buluu cha kushoto, na hupewa kitufe cha kubonyeza kila anaposikia mlio hata ukiwa hafifu kiasi gani. Majibu huchorwa kwenye karatasi iitwayo audiogramu, ambapo duara nyekundu huonyesha sikio la kulia na alama ya x ya buluu huonyesha la kushoto, na kadiri alama zinavyoshuka chini ndivyo upungufu unavyozidi. Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli: anayeanza kusikia kabla ya desibeli 20 huhesabiwa kuwa na usikivu wa kawaida, na anayehitaji 35 hadi karibu na 50 huwa na upungufu wa wastani, ambao tayari humpotezea mazungumzo mengi ya nyumbani.

Hapa ndipo gharama huanza kuwa kikwazo, kwa kuwa wataalamu ni wachache mno. Ripoti ya 2021 inaeleza kwamba asilimia 93 ya nchi zenye kipato cha chini hazifikishi mtaalamu mmoja wa usikivu kwa kila watu milioni moja. Nchini Tanzania huduma hiyo hupatikana zaidi katika idara za masikio, pua na koo za hospitali kubwa, kama vile Muhimbili jijini Dar es Salaam, KCMC mjini Moshi na Bugando jijini Mwanza, na kwa familia inayotoka wilaya ya mbali nauli ya mzee na msindikizaji wake inaweza kuzidi bei ya kipimo chenyewe. Msaada wa kisera upo: Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea, na Sera ya Afya ya mwaka 2007 inaelekeza kwamba wazee wasio na uwezo watibiwe bila malipo katika vituo vya umma. Haki hiyo haijitekelezi yenyewe. Mzee hutambuliwa kwanza na serikali ya kijiji au mtaa, halmashauri humpatia kitambulisho cha matibabu, na safari ya hospitali kubwa hupitia barua ya rufaa, hivyo familia inayoanza safari kabla ya makaratasi aghalabu hulipishwa kwa huduma ambayo ingeipata bure. Penye utata, ofisa wa kuonwa ni wa ustawi wa jamii aliyemo hospitalini, na inafaa aonwe kabla ya kufika dirisha la malipo.

Nchini Kenya, ambako Mamlaka ya Afya ya Jamii ilichukua nafasi ya NHIF, mfuko wa bima ya afya wa nchi hiyo, mnamo Oktoba 2024, hatua ya kwanza ni kumsajili mzee, kwa kuwa huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya vinavyoshiriki hazilipishwi kwa waliosajiliwa. Hospitali nyingi za kaunti zina maafisa wa kliniki waliosomea masikio, pua na koo, ambao humwona mgonjwa bila yeye kwenda Nairobi.

Ziko pia kambi za bure, hasa karibu na Machi 3, Siku ya Usikivu Duniani, na Oktoba 1, Siku ya Wazee Duniani, na baadhi ya taasisi za afya huweka mabanda ya upimaji katika maonesho kama Sabasaba. Kambi hizi ni neema, ila upimaji unaofanyika chini ya turubai penye vipaza sauti humfanya hata mwenye masikio mazuri aonekane mgonjwa, na kwa hiyo majibu yake yachukuliwe kuwa wito wa kwenda kupimwa upya mahali patulivu. Maduka ya vifaa vya kusaidia kusikia, ambavyo wengine huviita shime sikio, nayo hutangaza vipimo vya bure. Kipimo chao kinaweza kuwa sahihi kabisa, lakini anayepima ndiye anayeuza, na familia ina haki ya kuomba nakala ya audiogramu na kuondoka nayo bila kununua. Swali la kuuliza kabla ya kupimwa popote ni nini kitafuata majibu yakiwa mabaya: nani atarekebisha kifaa, nani atakitengeneza kikiharibika, na betri zake, ambazo aina nyingi humalizika kwa wiki moja au mbili, zitapatikana wapi.

Juhudi hizi zina sababu inayovuka mazungumzo. Utafiti wa ACHIEVE uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2023 haukuona tofauti kwa washiriki wote wakijumlishwa, lakini kwa wazee waliokuwa katika hatari kubwa zaidi, vifaa na ushauri wa usikivu vilipunguza kasi ya kudhoofika kwa akili kwa asilimia 48 katika miaka mitatu.

Usikivu uliopotea ghafla, kwa saa chache au siku mbili tatu, hasa wa sikio moja, ni jambo la dharura ambalo halisubiri kambi wala kitambulisho, kwa sababu dawa zake hufaa zaidi zikianzwa ndani ya wiki mbili za mwanzo; hali kadhalika usaha, maumivu au kizunguzungu kikali. Kwa wengine wote, audiogramu ya kwanza itunzwe pamoja na kadi ya kliniki ya mzee, ikiwa na tarehe na jina la kituo, kwa kuwa mtaalamu atakayempima miaka miwili baadaye atailinganisha na mpya ili ajue kama upungufu umetulia au unaendelea, na bila karatasi hiyo atalazimika kuanza upya.