Jinsi Video ya Masimulizi Inavyotengenezwa: Mfano wa Tanuru la Makala

Neno makala lililomo katika kichwa hiki halina budi kufafanuliwa kwanza. Msomaji wa pwani atadhani tunazungumzia maandishi kama haya. Mkazi wa Lubumbashi ataelewa mara moja kwamba ni mkaa wa kupikia. Ni maana hii ya pili tunayoikusudia. Tofauti ya namna hiyo sokoni huchekesha tu, lakini katika video huweza kumwonea mtu. Ndiyo sababu tunaeleza hapa hatua za kazi hiyo, tukifuata video ya dakika 10 tuliyoitengeneza pamoja na wanafunzi kuhusu mzee mmoja, mchomaji makala wa kijiji kilicho nje ya mji.

Kazi huanza kwa kalamu, si kwa kamera. Kwanza huulizwa: mtazamaji atajua nini mwishoni ambacho hakukijua mwanzoni? Kwetu sisi, shabaha ilikuwa kusikia jinsi mzee anavyoieleza kazi yake kwa maneno yake. Pili hutazamwa kalenda ya kitu chenyewe, maana tanuru la udongo halimsubiri mpigapicha. Miti hukatwa, hupangwa, hufunikwa kwa majani na mabonge ya udongo, kisha huwashwa na kuachwa iungue polepole kwa siku nyingi katika hewa haba. Moshi huanza ukiwa mweupe na mzito kwa sababu ya maji yanayotoka mitini. Baadaye hugeuka samawati, na mwisho karibu hauonekani. Aliyeikosa siku ya moshi mweupe atasubiri tanuru jingine. Hivyo tulipanga safari 4, zote wakati wa kiangazi.

Baadaye huandikwa senario. Kwa video ya masimulizi, twaona kwamba senario iorodheshe mambo, isiandike maneno. Hilo si geni Lubumbashi. Mwaka 1986, kundi la Mufwankolo lilipotayarisha kwa ajili ya televisheni mchezo uitwao Le pouvoir se mange entier, wachezaji walipatana juu ya mfululizo wa visa, wakafanya mazoezi bila maandishi ya kukariri. Maneno yalizaliwa midomoni mwao. Johannes Fabian aliyanukuu mazoezi hayo na onyesho lenyewe katika kitabu chake cha mwaka 1990, na kazi hiyo hadi leo ni hazina kwa mwanaisimu. Mtu anayesoma karatasi mbele ya kamera husema Kiswahili cha karatasi.

Siku ya kurekodi, ruhusa huombwa kabla ya kamera kutolewa mkobani, na huombwa katika lugha ya anayeombwa. Ni lazima aelezwe pia video itaonyeshwa wapi. Kuhusu picha hatutasema mengi: picha ya mbali ionyeshe mahali, picha ya karibu ionyeshe mikono, na kila moja ishikwe kwa utulivu kwa sekunde 10 angalau, ili mhariri apate pa kukatia. Sauti ndiyo inayopuuzwa. Mahali penye uwazi, kila umbali kati ya mdomo na maikrofoni unapozidishwa mara mbili, nguvu ya sauti hupungua kwa desibeli 6 hivi, ilhali upepo haupungui. Kwa hiyo maikrofoni ndogo hubanwa kifuani, tena huvikwa kitambaa. Kabla ya kuondoka, hurekodiwa dakika moja ya ukimya wa mahali pale, yaani ndege, majani na kuni zinazopasuka. Utakuja kuziba mapengo. Jioni ile ile kazi yote hunakiliwa mahali pawili tofauti, kabla umeme haujakatika.

Uhariri, ambao mafundi wetu huuita montaji, ndio ulioturudisha shuleni. Kwa fremu 25 kwa sekunde, dakika 10 ni fremu 15,000, na mhariri anaweza kukata baina ya zozote mbili. Mzee alikuwa amesema: “Tunakata miti,” akakohoa kwa moshi, akanyamaza kidogo, akamaliza: “juu ya masomo ya batoto.” Kikohozi kiliharibu sauti. Basi kilikatwa, na pamoja nacho maneno yaliyokifuata. Baada ya “Tunakata miti” ikaja picha nzuri ya visiki. Sote tuliitazama, sote tukaisifu.

Bahati njema tulikuwa tumeahidi kumwonyesha kabla ya kuitoa. Alitazama hadi mwisho, kisha akauliza: “Mwalimu, batoto yangu beko wapi?” Hatukuwa na jibu. Hakuna neno tulilombandikia. Tulikuwa tumepunguza tu, naye akatokea mharibifu wa pori asiye na sababu.

Tulirudisha sentensi nzima, kikohozi kikiwamo. Ilituongezea sekunde 6.

Hapo ndipo lilipozuka suala la maandishi ya chini ya picha. Kwa kawaida hayazidi mistari 2, kila mmoja herufi 40 hivi, nayo hukaa kiooni kwa sekunde chache. Kwa kuwa jicho la msomaji mara nyingi huachwa nyuma na ulimi wa msemaji, kufupisha hakuepukiki. Baadhi ya wanafunzi walitaka “batoto” iandikwe “watoto”, eti kwa heshima ya mzee. Hatukukubali: kumsahihisha mtu chini ya uso wake mwenyewe si heshima. Lakini “juu ya” ilikuwa na tatizo la kweli, kwani kwetu huonyesha sababu, na msomaji wa Tanzania angeweza kudhani masomo ndiyo mada ya mazungumzo. Tukatengeneza maandishi ya namna mbili: ya kwanza yanafuata matamshi yake, ya pili ni ya Kiswahili sanifu, nayo yameandikwa waziwazi kuwa ni tafsiri. Humo “juu ya” imekuwa “kwa ajili ya”.

Kuitoa video hakukuchukua muda. Ilionyeshwa ukumbini kwa wanafunzi, nakala moja ikawekwa idarani pamoja na unukuzi wa maneno yote, hata yasiyotumika. Nakala ya kwanza kabisa, hata hivyo, ilikuwa imekwisha kwenda kijijini, ndani ya kadi ya simu ya binti yake.