Mchezo Usemao Kireno: Master System Nchini Brazili

Mtambo wa michezo ya video uitwao Master System, wa kampuni ya Kijapani Sega, ulizidiwa nguvu na Nintendo katika Japani na Marekani. Brazili mambo yalikwenda kinyume. Kampuni ya Tectoy, iliyoasisiwa mwaka 1987, iliuingiza sokoni mwaka 1989, ukiundwa nchini humohumo, huku ushuru mzito ukizuia mitambo ya kigeni.

Hata hivyo, ushuru pekee hauelezi yote, kwani Tectoy iligusa pia lugha. Mwaka 1991 ilitoa Phantasy Star kwa Kireno. Huo ni mchezo wa kisa kirefu chenye mazungumzo mengi, ambao mtoto asiyejua Kiingereza asingeweza kuufuata. Kazi hiyo si nyepesi: katika mtambo huu herufi huchorwa kwa vipande vya nukta 8 kwa 8, na herufi kama ã au ç isiyochorwa haipo. Mwaka huohuo, shujaa wa Wonder Boy in Monster Land aliondolewa, nafasi yake ikashikwa na Mônica, msichana wa katuni za Mauricio de Sousa. Yeye huwapiga maadui kwa sungura wake wa kuchezea badala ya upanga. Hiyo nayo ni tafsiri, tena ya kijasiri.

Matoleo ya baadaye yaliacha kaseti. Master System Evolution ina michezo 132 ndani ya kumbukumbu yake. Hapo mtengenezaji ndiye aamuaye ni mchezo upi, na wa lugha gani, utakaowekwa; mchezaji hana pa kuchomeka mwingine.