Samaki mwenye jicho moja anatufundisha nini?

Ukitaka kujua waya fulani kwenye gari una kazi gani, uchomoe uone nini kinazimika. Wanabiolojia hufanya hivyohivyo na jeni: wanaiharibu, kisha wanaangalia mwili unakwama wapi.

Mnyama wanayempenda kwa kazi hii ni samaki pundamilia, kisamaki chenye mistari kutoka Asia ya Kusini. Mayai yake hukua nje ya mwili wa mama, na kiinitete chake kinaonekana hadi ndani kama kioo. Siku moja hivi baada ya yai kurutubishwa, tayari moyo unadunda chini ya hadubini. Isitoshe, takribani asilimia 70 ya jeni zetu zina mwenzake ndani ya samaki huyu.

Katika miaka ya 1990, watafiti wa Tübingen, Ujerumani, na Boston, Marekani, waliwaweka madume kwenye maji yenye kemikali inayoharibu DNA kiholela, halafu wakachunguza vitukuu vyao. Kwa nini vitukuu? Kila jeni ina nakala mbili, na mara nyingi nakala nzima huficha ile mbovu. Inabidi usubiri azaliwe samaki aliyerithi nakala mbovu pande zote mbili. Mwaka 1996 walitangaza mabadiliko ya jeni kwa maelfu.

Sasa tuchukue jeni moja maarufu, cyclops. Ikiharibika, samaki anapata jicho moja katikati ya uso. Je, ina maana ni jeni ya kutengeneza jicho la pili? Hapana, na hapo ndipo penye utamu. Hata wewe ulianza na eneo moja tu la macho. Ishara kutoka kwa seli zilizo chini yake, katikati kabisa, ndizo zilizoligawa kulia na kushoto. Cyclops hutoa protini ya kundi la Nodal, inayosaidia seli hizo kutokea. Zisipokuwepo, hakuna wa kugawa.

Ila cyclops ina ndugu yake, squint, anayeziba sehemu ya pengo. Haribu zote mbili, na kiinitete kinakosa moyo, damu na utumbo. Yaani kazi kubwa ya jeni hizi ilikuwa imejificha nyuma ya jicho.

Kwa hiyo ukisikia "jeni ya kitu fulani", tulia kwanza. Kilichoharibika kinakuonyesha pa kuanzia kutafuta tu. Na utafutaji huu unatuhusu: baadhi ya watoto ambao ubongo wao wa mbele haukugawanyika vizuri wamekutwa na mabadiliko kwenye jeni za njia hiyohiyo ya Nodal.